Kabla ya Siku ya Nane

Nesi alibonyeza kifua cha kichanga kwa kidole. Alipokiondoa, palibaki alama nyeupe.

Nyirabageni, bibi wa mtoto, aliinama kuitazama. Mke wa mwanawe alilala kitanda cha pili, hajaamka tangu kifafa cha mimba kilipomwangusha alfajiri. Miezi yote ile Nyirabageni aliwaonyesha majirani wa Kiruruma miguu ya binti huyo iliyojaa, akijisifu kwamba kwake hakuna anayelala njaa.

"Ule uvimbe haukuwa shibe, bibi. Ilikuwa presha," nesi alisema kwa upole. "Ilibana mishipa ya kondo la nyuma, damu ikamfikia mtoto kidogo kidogo. Ndiyo maana ni mdogo hivi, na mikono yake ni ya baridi."

"Na hiyo alama?"

"Damu ikizunguka vizuri, inafutika kabla hujamaliza kutaja jina lake."

"Hana jina. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane."

Nesi alibonyeza tena, akaondoa kidole.

Nyirabageni alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika mtoto miguu. Macho hayakubanduka kwenye ile alama.

"Mbonimpa," alisema, akilivuta jina hilo la mjukuu wake hadi pumzi ikamwishia.