Mwizi wa Picha za Gisèle

Kitu cha kwanza kujitokeza kwenye kompyuta kilikuwa mkono wa marehemu mkewe, kuanzia kiwiko hadi vidole, ukichambua sombe, majani ya muhogo.

Hugues alitazama bila kupumua. Kipande cha chini kikajiunga na cha juu, na Gisèle mzima akawa mbele yake, ameketi kwenye kibao, anamcheka anayempiga picha. Aliyempiga picha alikuwa Hugues mwenyewe.

"Nimekukamata," alisema. Hakuwa anasema na Gisèle.

Tangu arudishe intaneti nyumbani, kitu fulani kilikuwa kinakula mega zake. Aliikata baada ya matanga, mwaka jana, akairudisha mwezi huu kwa neno la siri lilelile, kwa sababu lilikuwa jina la Gisèle na hakuweza kulifuta. Kazi yake ni kutengeneza mitandao ya ofisi za watu. Akachukua chombo chake cha kazi, programu inayokaa mlangoni mwa mtandao na kukagua kila kinachoingia na kutoka. Ilimwonyesha simu moja asiyoijua, inatuma mizigo nje. Lakini mizigo yenyewe haikusomeka. Programu ilijua kuonyesha maandishi na picha nzima. Hii ilikuwa imekatwa vipande vipande. Ukifungua unakuta fujo la herufi.

Mtu mwingine angebadili neno la siri, akalala. Hugues hakuwa na mtu wa kuongea naye jioni. Akakaa kuiandikia programu dirisha lake mwenyewe, la kuokota vipande na kuviunga.

Na dirisha likamfungulia Gisèle.

Picha ile ilikuwa kwenye simu moja tu duniani, na simu ile ilipotea siku ya matanga. Nyumba ilijaa. Yeye na mashemeji walisukuma viti, meza na lile kabati kubwa la vyombo mpaka ukutani, mikeka ipate nafasi. Watu walipoanza kuondoka, akatafuta simu, hakuna. Akamwita Valérie mwizi mbele ya watu wote, maana yeye, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka na sahani. Wiki nzima ile, mtaa ukiwa hauna umeme, alipiga namba ya mkewe, haikuita. Mwishowe akaomba namba ikatwe, mwizi asiitumie.

Tangu hapo hakuna shemeji aliyekanyaga kwake. Valérie alipanga chumba chini kidogo tu ya ua wake, hapohapo mtaani Muhumba, lakini wakikutana anageuza uso. Vitu vilibaki vimebanwa ukutani. Hakukuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili. Na sura ya Gisèle aliyobaki nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi, nyeusi kama aliyefufuliwa kwa nguvu.

Sasa kila kitu kilimkaa sawa kichwani. Umeme ukikatika, mizigo inakatika, ingawa rauta yake inaendelea kwa betri ya jua. Betri ya simu ya Gisèle ilikufa zamani; aliitumia ikiwa kwenye prizi ya ukutani, kama mbuzi kwenye kamba, na ikipata umeme na intaneti hujiwasha na kutuma picha zake kwenye hifadhi. Na Valérie hana betri ya jua.

Jumapili baada ya misa akamtuma jirani amwite.

Redio ilikuwa inapiga kelele. Hugues hakuizima kamwe. Umeme ukirudi, angalau redio humsalimu.

"Zima iyo redio, shemeji," Valérie alisema mlangoni. "Kama ni kunitukana tena, nisikie muzuri."

Aliizima. "Ingia. Ikala."

"Niikale wapi? Viti yote iko ku ukuta kama watoto wenye mwalimu amepatia punition. Kwako matanga haiishake?"

Hugues akamgeuzia kompyuta. Valérie akaona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Yaya Gisèle... dada yangu..."

"Picha hii iko mu simu yake tu," Hugues alisema. "Na simu yake inakula mega yangu. Inajua neno la siri. Iko karibu. Siendi polisi, Valérie. Nirudishie tu. Sina sura yake ingine."

Valérie alipindua sakosi yake ya mkononi, akamwaga vyote sakafuni: rozari, ufunguo, leso, simu yake ndogo ya vibonyezo.

"Tafuta. Ukimaliza, twende utafute na kwangu. Kisha upande gari mpaka Bunyakiri, umuambie mama kama mutoto wake haiko mwizi. Tangu siku ile hakanyagake Bukavu, juu ya haya."

Hugues alitazama vitu vile sakafuni. Kwenye kompyuta picha nyingine ilikuwa inajiunga: paji la uso, macho, pua. Mara friji ikanyamaza. Umeme umekatika. Gisèle akaishia kwenye pua.

"Unaona?" Hugues alisema. "Na kwako imekatika sasa ivi."

"Kwangu?" Valérie alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kwangu walikataka waya tangu Pasaka, shemeji. Minawashaka bujii, mushumaa tu."

Valérie akachutama, akaanza kurudisha vitu vyake kwenye sakosi, kimoja kimoja.

Kisha mtaa mzima ukapiga kelele za furaha kutoka chini mpaka juu ya kilima. Taa ikawaka. Friji ikatetemeka. Redio, kwa mara ya kwanza, haikusema kitu.

Nyuma ya kabati la vyombo ukasikika muziki mdogo, ule wa simu inayojiwasha.

Valérie ndiye aliyesimama kwanza.

"Kamata upande ule, shemeji."