Pua ya Refa

Refa alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, mdomo wazi kama abiria wa safari ndefu. Plasta ngumu ilimfunika pua, na ndani ya matundu damu ilikuwa imeganda. Kila alipopitiwa na usingizi alishtuka akitafuta hewa, akaikuta ipo, ila imebadilisha njia.

"Wiki sita tu," alisema, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. "Baada ya hapo nina mtihani wa mbio. Nikikosa pumzi, beji yangu ya urefa inakwenda."

"Si ulijipa kadi nyekundu mwenyewe, dada?" mdogo wake alimjibu, akimdondoshea maji ya chumvi puani. "Vuta taratibu. Hutuzwi kwa haraka."

Pua yenyewe haikuwa imemwomba mtu kitu. Iligongwa na mpira wa kona miaka mingi nyuma, ikaunga vibaya, ikabaki na nundu katikati. Wachezaji walimwita Tuta. Akiwapa kadi ya njano wanasema wamepunguzwa mwendo, na yeye alicheka nao.

Asiyecheka alikuwa mumewe, mpiga picha. Tangu waoane, mwaka na nusu sasa, alimtazama mkewe kama picha iliyotikisika. Na nyumbani kwa mpiga picha huyo hapakuwa na picha hata moja ukutani. Alizichoma zote, alisema, siku mke wake wa kwanza alipomwacha.

Ndiye aliyemtafuta daktari wa kuinyoosha pua. Ndiye aliyelipa. Na ndiye aliyempa daktari mfano wa kufuata: kipande cha picha, mraba mdogo kama picha ya pasipoti, pua tupu bila macho wala mdomo.

"Ya nani hiyo?" Refa aliuliza siku ile.

"Mtangazaji mmoja wa ng'ambo. Nimeikata gazetini."

Daktari alikigeuza kile kipande. Nyuma kilikuwa cheupe, hakuna hata herufi. Akakibana kwenye faili.

Refa alikubali. Alitaka siku moja mumewe amtazame mpaka mwisho, asiishie puani.

Mama mkwe hakuambiwa. "Mama ana presha," mume alisema. "Acha upone kwanza, atajionea."

Kwa uuguzi mume hakuwa na mwenzake. Daktari alipokataza nguo za kupitisha kichwani, zisije zikagonga plasta, jioni ileile mume alirudi na gauni la kijani, vifungo kutoka shingoni hadi magotini. Akachukua chanuo, akazibana nywele za mkewe nyuma, kichogoni. Refa hakujua kama anaweza.

Siku ya tatu mdogo wake aliinama kumfunga kifungo cha juu, akapiga chafya.

"Dada, hili gauni linanuka vile vidonge vyeupe vya kabatini. Vya kufukuzia mende."

"Mimi sinusi kitu."

"Shemeji, si ulisema jipya?"

"Wauza nguo hao, unawajua," mume alisema, tayari ameshika birika. "Stoo zao ni mende watupu." Akaenda jikoni.

Siku ya nane plasta ilitolewa. Daktari alimpa kioo. Pua ilikuwa nyembamba, imenyooka kama rula, imevimba kidogo kwenye ncha. Refa aliona ni ya mtu mwingine, lakini alishaambiwa kuizoea huchukua muda.

Mume alisogea karibu. Macho yalimlowa. Alimtazama mkewe mpaka mwisho, na Refa akahisi kule kulala kote ameketi kumelipa.

Daktari akamziba tundu moja. "Vuta."

Hewa ikaingia kwa shida, ikipiga mluzi mwembamba.

"Angalau filimbi sitanunua," Refa alisema.

Daktari hakucheka. "Uvimbe wa ndani bado upo, huo utapungua. Lakini na njia yenyewe imekuwa nyembamba kuliko ya kwanza. Tukiona mwezi umeisha na bado unakwama, tutarudi tupanue. Umbo litabadilika kidogo sana."

"Isiguswe," mume alisema.

"Anayehema ni yeye, bwana."

"Isiguswe, daktari. Atazoea."

Refa alimgeukia. Yakamjia maneno ya uwanjani, akayameza. Kuna wanawake wameolewa na watu wasiojua hata wana masikio mangapi, alijiambia. Wake anamtaka hivihivi alivyo.

Mume alimshusha getini saa sita mchana, akapitiliza studio kuchukua kamera. "Usibadilishe nguo," alimwambia. "Na nywele ziache hivyohivyo."

Barazani palikuwa na mfuko wa safari, na kando yake mama mkwe, aliyekuja bila taarifa kama kawaida yake. Aliinuka polepole, amefinya macho kwa jua. Aliangalia nywele, akaangalia pua, akaliangalia gauni kifungo kwa kifungo.

"Shikamoo, mama," Refa alisema. Sauti ilitoka kwenye pipa, haikuwa yake.

Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umerudi. Na gauni nililokushonea bado unalo."

Refa alifungua mdomo apate hewa.

Mama mkwe akatupa jicho mlangoni, akashusha sauti. "Sasa yule refa wa watu, maskini, tutamwambia nini?"