Kelele ya Jumamosi

Ensio aliangaza macho huku na huku kama mwizi, ingawa banda lilikuwa lake na pikipiki ilikuwa yake. Akapiga magoti, akaweka spana kwenye boliti ndogo ya kukaza cheni nyuma ya injini, akailegeza kidogo. Kiasi cha kupiga kelele, si cha kuharibu.

Akawasha. Cheni ya ndani ya injini ikaanza kugonga, kacha-kacha-kacha, kama vijiko ndani ya ndoo. Ensio akatabasamu. Shughuli ya kesho ilikuwa imepatikana.

Maana katika vijiji vya Finland mtu haendi kwa mtu bila shughuli. Huwezi kubisha hodi ukasema umekuja kumwona tu. Watadhani umelewa, au umeleta habari za msiba. Na Raili, mjane mwenye gereji ng'ambo ya daraja, ndiye mtu ambaye Ensio alitamani kumwona kuliko wote. Kwa hiyo kiangazi chote alikuwa akiiharibu pikipiki yake kila Ijumaa, na kumpelekea kila Jumamosi.

Siku iliyofuata, Raili aliisikia tangu darajani. Ensio alipoingia gereji, kahawa ilikuwa mezani tayari, pamoja na mikate mitamu ya iliki.

"Imefanya nini tena?" Raili akauliza.

"Hata sijui. Inagonga tu yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe kabisa. Ni uzee."

"Wa pikipiki, au wa mwenye pikipiki?"

Jirani yao Taimi alikuwa akipita barabarani na ndoo ya matunda ya msituni. "We Ensio!" akapaza sauti. "Pikipiki gani hiyo inaugua kila Jumamosi? Itupe mtoni!"

"Samaki watashindwa kulala," Raili akamjibu.

Ensio akacheka sana, mpaka alipoona kiboksi mkononi mwa Raili.

"Nimekuagizia kikaza cheni kipya," Raili akasema. "Hiki kinajikaza chenyewe, hakina boliti ya kulegea. Nikikifunga leo, hutaisikia tena ile kelele maisha yako yote."

Ensio akaurudisha mkate mezani.

"Maisha yote?"

"Kwani hufurahi?"

"Nafurahi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Ila hiki cha zamani kimeshanizoea."

"Kimekuzoea, au umekizoea?"

"Nasikia hivi vipya vina matatizo."

"Umesikia kwa fundi gani? Fundi hapa ni mimi. Hebu kakae kule kwenye benchi, unanizibia mwanga. Na usichungulie."

Hilo nalo lilimuuma. Siku zote alikuwa akimshikia tochi.

Akakaa benchini na kikombe chake, akiwaza. Jumamosi ijayo aje na nini? Tairi zilikuwa mpya. Breki zilikuwa nzima. Akajaribu kuyasema maneno yenyewe, midomo tu, ndani ya kikombe: Raili, nimekuja kukuona. Yalikuwa maneno machache, lakini hayakutoka. Akameza kahawa, akayameza nayo.

Nyuma yake spana iligonga chuma. Kisha kitambaa kikasugua, kikasugua, muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Haya, washa."

Ensio akawasha. Injini ikanguruma laini kama paka aliyeshiba. Hakuna kacha, hakuna chochote.

"Basi," Ensio akasema.

"Basi," Raili akasema.

Ensio akavaa kofia yake ngumu polepole, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Raili akatia kifurushi cha mikate kwenye mkoba wa nyuma ya tandiko, akaukaza mkanda vizuri.

"Ya njiani hiyo."

"Njia gani, Raili? Ni daraja tu."

"Basi ule darajani."

Akaondoka. Moshi wa sauna, vile vyumba vya kuogea kwa mvuke, ulikuwa umeanza kupanda juu ya nyumba, watu wakijiandaa kuoga na kupumzika, kila mmoja na wake. Ensio aliendesha taratibu, akiisikiliza injini yake nzima, akaichukia. Akaazimia kuiuza.

Katikati ya daraja injini ikasema kacha.

Akadhani ni mbao za daraja. Kacha-kacha-kacha.

Akasimama, akazima, akainama. Boliti ile ile ya zamani ilikuwa pale pale, kichwa chake kimelika kwa spana ya Ensio mwenyewe. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Akaigusa kwa kidole. Ilikuwa imeachwa bila kukazwa mpaka mwisho, ilegee njiani. Kiasi cha kupiga kelele, si cha kuharibu.

Ensio akafungua mkoba. Chini ya mikate mitamu, kile kiboksi kilikuwa kimelala na utepe wake wa dukani, hakijafunguliwa.

Akageuza pikipiki. Shughuli alikuwa nayo.