Profesa Hajachanjwa

Jumatano, tarehe 11 Agosti. Mawingu mazito tangu alfajiri, na manyunyu ya aina ile inayomlowesha mtu taratibu, bila hata kumwomba radhi.

Fundi baiskeli alipiga magoti kando ya kitanda, akamwombea mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Bwana, mguse moyo Profesa. Kama chanjo hii ni njema, aende akachanjwe. Kama ni mbaya, atuambie. Sisi wengine tunamngoja yeye."

"Amina," dada yake mkubwa aliitikia kutoka chumba cha pili, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Dada alikuwa na pumu tangu utotoni. Tangu ugonjwa uingie mtaani, kila alipokohoa, mdogo wake alihesabu pumzi zake.

Hii ilikuwa wiki ya tatu ya maombi hayo. Siku ya kwanza ya chanjo, fundi alipita zahanati akiwa njiani kwenda darasa la jioni la watu wazima. Akapewa fomu aisome na kutia sahihi. Akapapasa mifuko yote: miwani aliisahau karakana. Angeweza kumwomba muuguzi amsomee, lakini mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na mbili huwa na kiburi chake. Akasema moyoni kwamba atarudi.

Hakurudi. Dada alikuja na habari kutoka gengeni: Profesa amekataa chanjo, tena hadharani. Basi na yeye, dada, hachanjwi.

"Profesa yupi?" fundi aliuliza.

"Mimi nitamjulia wapi? Mtu aliyesoma. Au wewe umesoma kumshinda?"

Katika mtihani wa sayansi fundi alikuwa amepata thelathini na moja kati ya hamsini. Akaanza kumwombea Profesa.

Asubuhi hii dada alikuwa na jipya. "Muuguzi alipita jana. Dozi zilizobaki zinachukuliwa kesho jioni, zipelekwe kwa wanaozitaka."

"Na wewe unasemaje, dada?"

"Ninasema vilevile, mdogo wangu. Profesa akienda, naenda. Asipoenda, usinichoshe, kifua chenyewe hiki."

Fundi akafungua daftari lake. Mwalimu wa jioni aliwahi kuwafundisha hivi: habari ikikufikia, iulize imetoka kwa nani. Fundi aliiandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, akaipigia mistari miwili kwa rula, na hakuitumia hata siku moja.

Leo aliifunga karakana, akatoka akiwa amevaa ovaroli yake ya kazi.

Gengeni, mama wa mboga alikuwa akifunga mafungu ya mchicha.

"Mama, habari za Profesa ulizipata kwa nani?"

"Kwa kinyozi, yule mgeni. Wanasema amesomea dawa ng'ambo miaka saba."

"Ulimwona?"

"Kaka yangu, na upepo je, nimeuona?"

Kinyozi alikuwa amehamia mtaani mwezi uliopita, na kibanda chake kilitazamana na zahanati. Barakoa yake ilikuwa imelala kidevuni. Wateja watatu walikaa kwenye benchi. Wa nne alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

"Mzee wangu, grisi hiyo isiguse taulo," kinyozi alisema kwanza. Kisha, alipoulizwa, akazima mashine. Habari kama ile haikufaa kusimuliwa kwa haraka.

"Nilimwona kwa macho yangu haya. Alinipa mgongo, pale mlangoni. Shati jeupe, begi la vitabu begani. Wenzake walikuwa wanatia sahihi tu. Yeye akaisoma ile fomu! Akaileta mpaka puani. Akaisogeza mbali, mkono wote umenyooka. Akaigeuzia kwenye mwanga. Mstari kwa mstari, kama anayetafuta kosa. Halafu akatikisa kichwa, akamrudishia muuguzi, akaenda zake bila neno."

"Bila neno," mteja mmoja alirudia kwa heshima.

"Watu kwenye foleni wakatazamana. Akaondoka mmoja, akaondoka wa pili. Baada ya nusu saa pale palikuwa peupe, na ndivyo palivyo hadi leo."

Fundi akasogea karibu na kiti. "Na nani alisema ni profesa?"

"Mimi. Kwani wewe mtu kama yule ungemwitaje?"

"Na zile habari za ng'ambo?"

"Hizo wameongeza wateja. Mimi ni mtu mkweli."

Benchi zima likacheka. Fundi hakucheka. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa zahanati. Muuguzi alikuwa peke yake, anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Fundi, vipi?" aliuliza yule wa nusu kichwa. "Mbona umekauka hivyo?"

Fundi alivua kofia. Magoti yalimuuma, yalikuwa yamefanya kazi nyingi wiki hizi tatu.

"Ndugu zangu, mnajua mimi ni mtu wa sala, siapi ovyo. Lakini leo natoa ahadi mbele yenu nyote, mkawaambie na majirani. Kesho saa mbili asubuhi, Profesa atakuwa wa kwanza mlangoni pale. Nyuma yake atasimama dada yangu."

Kinyozi alitoa macho. "Kumbe unamjua?"

"Nimemwombea wiki tatu, na Mungu amenijibu," alisema fundi. "Atachanjwa, naahidi. Na safari hii hataisahau miwani karakana."