Kipande cha Bluu

Kifuani mwa gauni lilibaki tundu moja la pembe sita, na kitambaa cha bluu kilikuwa kimekwisha.

Luciana aliutazama tena mchoro uliobandikwa ukutani, juu ya cherehani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alimchorea vipande vinavyobanana bila kuacha upenyo, vya rangi tatu tu, na vya rangi moja havigusani popote. Likizo ilipofika akashuka kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, nalo likamfukia. Hii ilikuwa wiki ya tano. Wachimbaji wenzake walikwisha kuacha kufukua, lakini mama mkwe alikataa matanga. Mwanawe atatoka, alisema.

Shati la bluu lilining'inia kwenye msumari. Kola yake bado ilikuwa na vumbi la chaki.

Luciana alilitandaza mezani, akaweka kipimo cha pembe sita alichokikata kwenye boksi juu ya mfuko wa shati, akashika mkasi.

"Nguo ya mtu aliye hai haikatwi," mama mkwe alisema akiwa mlangoni.

"Najua, mama."

 Mama mkwe akaingia, akalishika shati kwa mikono miwili, akalivuta likanyooka, ili mkato usipinde.