Kidonge cha Nabii

"Utameza baadaye, nabii," mchungaji Yeremia alisema, akiivuta glasi ya maji upande wake wa meza. "Tangu uanze hivyo vidonge vya hospitali ya wendawazimu, unaomba kama mtu anayesinzia. Mabenchi yamebaki matupu."

"Nilipokuwa sivimezi, mchungaji, nilikwenda uchi sokoni," Dorkasi alimjibu.

"Na Jumapili yake kanisa lilijaa mpaka nje."

Alisema bila haya, kama mtu anayesifia mavuno. Dorkasi akakifumbata kidonge chake, akatoka kwenda madhabahuni.

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa binti aliyepasuka midomo kwa kusema bila kituo.

"Hapati usingizi, nabii," mama yake alisema. "Wiki nzima anaongea na malaika."

Dorkasi aliyajua macho yale. Aliwahi kuyaona kwenye kioo chake mwenyewe. Akamwekea binti mkono kwenye paji la uso, kisha akamwinamia mama.

"Tutamwombea, mama, lakini mpeleke hospitali leo hii. Hata mimi naomba, halafu nameza dawa."

Lakini ngoma zilikuwa zimeshapanda, na mchungaji alikuwa akipaza haleluya kwenye kipaza sauti. Mama hakusikia neno.

Dorkasi alipoondoa mkono, paji la uso la binti lilibaki na unga mweupe. Kidonge kilikuwa kimesagika kiganjani kwa jasho na hasira.

"Ishara!" kanisa likalipuka.

Mama mtu akalia kwa furaha. Akavua kilemba chake, akamfunga binti kichwa taratibu, ule unga usije ukafutika.