Jiwe la Duara

Midomo ya Bubu ilikuwa ikienda mbio kule chini jukwaani, lakini huku juu, safu ya mwisho ya ukumbi wa kale wa mawe, halikufika hata neno moja.

"Mnasikia chochote?" Profesa aliwauliza wazee watatu wa jopo.

"Labda ni masikio yangu," alisema mwenyekiti, bibi wa miaka sabini na tisa ambaye bado alikuwa akihema kwa kupanda ngazi.

"Masikio yako mazima, mama. Nadharia yake ndiyo mbovu."

Bubu lilikuwa jina lake la kazi ya zamani. Kabla hajawa mwanaakiolojia, alipata riziki miaka tisa katika sarakasi, akivunja watu mbavu kwa uso na mikono tu. Kisha akanawa rangi za usoni, akashika brashi na jembe dogo, akaufukua ukumbi huu kwa miaka kumi na miwili. Alidai kwamba anayenong'ona juu ya jiwe la duara, katikati ya jukwaa, husikika hadi safu ya mwisho. Profesa, msimamizi wa mradi, aliyaita madai hayo vituko vya sarakasi. Leo jopo lingeamua: likisadiki, Bubu anakuwa mkuu wa uchimbaji, lisiposadiki, anafungasha virago.

Kule chini Bubu alirusha mikono, akapiga goti, akainama. Kimya. Mwenye moyo angemhurumia. Profesa alikuwa na tumbo tu.

Akashuka ngazi zote themanini ili amzike kwa mikono yake mwenyewe. Bubu akampisha kwa adabu. Profesa akasimama juu ya jiwe la duara, akajifuta jasho, akamwinamia sikioni.

"Pole, dada," alinong'ona. "Hata ungesikika, ni bure. Cheo nimeshampa shemeji yangu. Na vile vikongwe vya huko juu visikutishe. Nikivipa karatasi ya chooni, vitasaini."

Bubu aliangalia viatu vyake, mabega yakimtikisika. Profesa akadhani analia, akampigapiga mgongoni.

"Profesa," mwenyekiti alisema kutoka safu ya mwisho, bila hata kupaza sauti, "ilete basi hiyo karatasi ya chooni."

Bubu akasafisha koo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatoa sauti.

"Kalamu ninayo, mama."